UZI: Mshahara ndio unaopandisha bei, au bei ndizo zinazoukimbia mshahara? Hesabu za Lubumbashi

Delege_Kampemba

Wandugu, salamu. Kila mazungumzo ya mishahara yanapofunguliwa hapa Lubumbashi, upande wa waajiri huja na neno lile lile: "Tukiongeza mshahara, bei zitapanda, nanyi mtajikuta palepale." Upande wa wafanyakazi hujibu kwamba bei zilishapanda kitambo na mshahara ndio uliobaki nyuma. Kima cha chini cha mshahara hapa Kongo kilikaa 7,075 FC (faranga za Kongo) kwa siku tangu amri ya Mei 2018 mpaka 2025, ndipo kikapelekwa 14,500 FC.

Naomba wanaojua uchumi na hesabu watueleze: hoja ya mwajiri ni kweli wakati gani, si kweli wakati gani, na delege wa sendika (mjumbe wa chama cha wafanyakazi) aingie kikaoni na karatasi gani mkononi? Tuleteeni namba, siasa tuiache mlangoni.

---

Hesabu_Kamalondo

Delege, asante kwa kufungua uzi huu. Tuanze na hiyo 7,075.

7,075 FC mara siku 26 za kazi ni 183,950 FC kwa mwezi. Katikati ya 2018 dola ilikuwa karibu 1,600 FC, kwa hiyo mshahara ule ulikuwa kama dola 115. Mwanzoni mwa 2025 dola ilikuwa karibu 2,850. Faranga zile zile 183,950 zikawa dola 64 na nusu. Hakuna aliyepunguza mshahara wa mtu kwa karatasi, lakini karibu nusu yake iliondoka.

Sasa 14,500 mara 26 ni 377,000 FC, yaani dola 132 kwa kiwango hicho hicho cha 2,850. Kwenye faranga, nyongeza ni zaidi ya asilimia 100, na hiyo ndiyo namba inayotajwa redioni. Kwenye dola, ukilinganisha na 2018, nyongeza ni asilimia 15 kwa miaka saba. Na dola yenyewe si jiwe: bei za Marekani zilipanda kama asilimia 28 kati ya katikati ya 2018 na katikati ya 2025. Gawanya 132 kwa 1.28 unapata 103. Kwa hiyo hata baada ya nyongeza kubwa, kima cha chini kilikuwa chini ya kile cha 2018 kwa nguvu ya kununua. Mtu akikuambia "mmeongezewa mara mbili", mwekee hesabu hii mezani, hatua kwa hatua, bila kelele.

Kuhusu hoja ya mwajiri, swali la kwanza ni moja: katika kila faranga 100 anazotumia, ngapi ni mishahara? Tuchukue mfano wa kiwanda kidogo cha mikate (namba ni za mfano, kila mtu aweke zake):

unga wa ngano 50, mazuti (dizeli) na kuni 15, sukari, chachu na mafuta 10, mishahara pamoja na mchango wa CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii) 15, usafiri 5, kodi ya jengo 5. Jumla 100.

Mishahara ikipanda asilimia 30, gharama inapanda 15 × 0.30 = asilimia 4.5. Mkate wa 500 FC unahitaji kuongezwa 22.5 FC.

Dola ikitoka 2,000 kwenda 2,400, hiyo ni asilimia 20. Unga, mazuti, chachu na usafiri vinaifuata dola: 80 × 0.20 = asilimia 16. Mkate ule ule unahitaji 80 FC zaidi.

Ndiyo maana hapa kwetu hoja ya "mshahara unapandisha bei" mara nyingi inalenga mtu asiye na kosa. Mkate unaifuata dola.

---

Fundi_Mkate

Yaya Hesabu, mfano wako ni wa haki kwa mikate, lakini usiuvike kwa kila mtu. Kampuni ya ulinzi hainunui unga. Mishahara inaweza kuwa 80 kati ya 100 za gharama zake. Ongeza asilimia 30, gharama inapanda 24. Shule binafsi ni vilevile, kliniki ndogo pia inakaribia hapo. Huko mwajiri akisema bei itapanda hasemi uongo, na delege akibisha atapoteza heshima mezani.

Na kuna kitu umekiruka: mazao, yaani kiasi kinachozalishwa, kwa kila mfanyakazi. Mwajiri mwenye akili haangalii mshahara peke yake, anaangalia mshahara ndani ya kila mkate. Watu 10 kwa 14,500 ni 145,000 FC kwa siku. Wakitoa mikate 4,000, kila mkate umebeba 36.25 FC ya mshahara. Tanuri likiacha kusimama kwa sababu ya umeme na wakafika mikate 5,000, mkate unabeba 29 FC. Hapo ukiwaongezea asilimia 20, mishahara inakuwa 174,000, gawanya kwa 5,000 ni 34.8. Mshahara umepanda na gharama ya kazi kwenye mkate imeshuka chini ya pale pa mwanzo.

Kwa hiyo nyongeza isiyozidi ongezeko la mazao haimsukumi mwajiri kupandisha bei hata senti. Delege anapaswa kuuliza namba za mazao kabla ya kuuliza chochote kingine. Waajiri wengi huzificha, na wafanyakazi wengi hawazihesabu, ingawa ni wao wanaobeba masanduku.

---

Depo_Kasumbalesa

Niongeze upande wa unga wa mahindi, maana bukari (ugali) ndiyo inayoamua kama mwezi umekuwa mzuri au mbaya katika nyumba nyingi za hapa.

Mfuko wa kilo 25 unaotoka Zambia unabeba bei ya kinu kwa kwacha (pesa ya Zambia), lori hadi mpakani, gharama za forodha na kungoja foleni, kisha kilomita karibu 90 kutoka Kasumbalesa hadi mjini, faida ya depo, faida ya muuzaji wa soko. Mishahara ya watu wa Lubumbashi ndani ya mfuko huo ni ya wapakiaji na walinzi tu, kidogo sana. Mwaka 2024 ukame uliunguza mahindi ya Zambia hadi serikali yao ikatangaza maafa ya kitaifa mwezi wa Februari, na huku unga ukapanda vikali. Hapakuwa na mshahara uliopanda mjini wakati huo. Mahindi hayakuwepo, basi.

Jambo la pili, ambalo wanunuzi huliona kama wizi na si wizi. Tuseme nimenunua mfuko kwa dola 20 wakati dola ni 2,400: umenigharimu 48,000 FC. Nauza 50,000. Daftari linasema faida 2,000. Lakini siku ya kwenda kuchukua mzigo mpya dola ni 2,600, mfuko huo huo unataka 52,000. Sina pesa za kurudisha mfuko mmoja kwa mmoja niliouza. Kwa hiyo muuzaji hapangi bei kwa alichonunulia. Anapanga kwa atakachonunulia. Kambiste (mbadilisha pesa) akibadilisha kibao chake asubuhi, bei ya soko imebadilika kabla ya jua la saa sita. Mshahara unangoja mwisho wa mwezi, na nyongeza inangoja mwaka.

---

Mama_Njanja

Basi tueleze na ile ya 2025, maana watu bado wana hasira. Mwezi wa tisa kuingia wa kumi faranga ilipata nguvu, dola ikashuka kutoka zaidi ya 2,800 hadi chini ya 2,500 ndani ya wiki chache. Bei sokoni zikajifanya hazikusikia. Kama kweli bei inaifuata dola, mbona kupanda inakimbia na kushuka inatambaa?

---

Depo_Kasumbalesa

Mama, swali hilo ni la haki, na jibu si moja.

Kwanza, mzigo uliokuwa ghalani ulinunuliwa kwa faranga nyingi. Muuzaji akishusha mara moja anauza kwa hasara, akipandisha mara moja hapotezi kitu. Kwa hiyo kupanda ni rahisi kwake kuliko kushuka, hata akiwa mtu mwaminifu. Pili, hakuna aliyejua kama kiwango kile kitakaa. Duka linaloshusha leo na kupandisha keshokutwa linagombana na wateja mara mbili. Tatu, na hili husahauliwa: mwaka huo kwacha nayo ilipata nguvu mbele ya dola. Unga wa Zambia haununuliwi kwa dola mwishowe, kinu kinataka kwacha. Faranga ikipanda na kwacha ikipanda, kati yao mbili umbali haujabadilika sana, na mfuko unabaki palepale. Nne, vitu vidogo vinauzwa kwa noti: 500, 1,000. Punguzo la asilimia 10 kwenye kitu cha 500 ni 50 FC, na noti hiyo imekuwa adimu mkononi mwa watu. Bei hairudi 450. Inangoja mpaka iweze kuruka.

Na tano, tuseme ukweli, palipo na wauzaji wa jumla watatu tu wa bidhaa moja, hakuna anayeharakisha kushusha. Penye wauzaji thelathini, kama nyanya, bei ilishuka.

---

Mwalimu_Katuba

Niruhusuni niweke msingi, kisha nirudi Kongo.

Mwaka 1958 mchumi A. W. Phillips alichora takwimu za Uingereza za 1861 hadi 1957: ukosefu wa kazi ukiwa mdogo, mishahara ilipanda haraka, ukiwa mkubwa, ilipanda polepole. Wengi walisoma mchoro ule kama orodha ya bei: ukubali mfumuko wa bei kidogo upate kazi zaidi. Milton Friedman, katika hotuba ya Desemba 1967, na Edmund Phelps kwa upande wake, walionyesha kasoro. Mfanyakazi hajadiliani juu ya faranga, anajadiliana juu ya kile faranga itanunua. Akishazoea mfumuko wa asilimia 5, anaweka 5 hiyo ndani ya madai yake tangu mwanzo, mwajiri naye anaiweka ndani ya bei tangu mwanzo. Kazi za ziada zinatoweka, mfumuko unabaki. Miaka ya 1970 iliwapa haki: mafuta yalitoka karibu dola 3 kwa pipa hadi karibu 12 kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974, na mwaka 1975 Uingereza ikafika mfumuko wa karibu asilimia 27 huku watu wakikosa kazi.

Hapo ndipo lilipotoka neno la mzunguko wa mishahara na bei: bei inapanda, mshahara unaifuata, bei inapanda tena kwa sababu ya mshahara, na kuendelea. Mzunguko huo upo, lakini si wa kila siku. Mwaka 2022 Shirika la Fedha la Kimataifa lilipitia nchi nyingi kwa miongo kadhaa na kuona kwamba mara nyingi mishahara ikishapanda baada ya bei, hutulia. Haiendi kukimbizana bila mwisho. Ili izunguke inahitaji vitu vitatu kwa pamoja: sendika au sheria inayopandisha mshahara kwa wote kwa haraka, wauzaji wanaoweza kupitisha gharama bila kukimbiwa na wateja, na benki kuu inayotoa pesa za kulisha mzunguko huo. Ondoa hiyo ya tatu, mzunguko unakatika, ingawa kwa maumivu. Marekani Paul Volcker, mkuu wa benki kuu yao, aliukata kwa riba iliyokaribia asilimia 20. Mfumuko ukashuka kutoka asilimia 13.5 mwaka 1980 hadi 3.2 mwaka 1983, lakini mwishoni mwa 1982 wasio na kazi walifika asilimia 10.8.

Sasa kwetu. Hapa wengi wanaishi kwa biashara ndogo, hawana mwajiri wa kumdai. Sharti la kwanza ni dhaifu. Lakini sharti la tatu tulikuwa nalo kwa wingi, na ndilo lililotuua miaka ya 1990. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, uzalishaji ukaanguka, na hazina ya serikali ikakauka. Mishahara ya watumishi na askari iliendelea kudaiwa, nayo ililipwa kwa noti zilizochapwa. Mwanzoni mwa 1993 noti ya milioni 5 za zaïre, pesa yetu ya wakati huo, ilitolewa kulipa askari, wauzaji wakaikataa, na Kinshasa ikaingia katika uasi na uporaji. Oktoba 1993 ikaja zaïre mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1994 mfumuko ulikaribia asilimia 9,800. Juni 1998 ikaja faranga, moja kwa zaïre mpya 100,000. Fanya hesabu: faranga moja ni zaïre za zamani bilioni 300.

Ndiyo maana nasema mshahara unaweza kupandisha bei Kongo, ila si kupitia mlango wa kiwanda cha mikate. Unapita kwenye hazina ya serikali. Serikali ikiongeza mishahara bila mapato, benki kuu ikafunika pengo, faranga mpya zinafika mkononi mwa watu, watu wanakimbia kwa kambiste kununua dola, dola inapanda, na kesho yake unga umepanda. Njia hiyo inamfikia fundi wa mikate akiwa amelala.

---

Binti_Ruashi

Mwalimu, aksanti. Delege aliuliza karatasi gani, nami nashughulika na takwimu, basi nijibu hapo.

Namba za Taasisi ya Taifa ya Takwimu na za Benki Kuu ni lazima uwe nazo, lakini angalia unasoma namba ipi. Kuna mfumuko wa mwisho wa mwaka (Desemba juu ya Desemba) na kuna wastani wa mwaka mzima. Mwaka bei zinapoongeza mwendo, ya kwanza huwa kubwa kuliko ya pili, zinapotulia, hugeuka. Watu wawili hugombana mezani kumbe kila mmoja ameshika namba tofauti na wote wako sawa. Mwaka 2023, mfumuko wa mwisho wa mwaka ulikuwa karibu asilimia 24. Aliyeongezewa asilimia 20 mwaka huo: 1.20 ÷ 1.24 = 0.968. Amepoteza asilimia 3.2. Gawanya, usitoe. Kwa namba ndogo kutoa hakuna shida kubwa, kwa namba zetu kunadanganya.

Kisha tengeneza fahirisi (kipimo cha kupanda kwa bei) yenu wenyewe ya wafanyakazi. Chukua vitu 8 hadi 12: unga wa kilo 25, mafuta ya kula, makala (mkaa), ndakala (dagaa), mboga, sukari, sabuni, nauli, kodi ya nyumba, ada ya shule, dawa za kawaida. Uliza familia ishirini wanatumia sehemu gani ya mshahara kwa kila kitu. Hizo ni uzito. Andika bei tarehe 1 na 15, kwa muuzaji yule yule, kipimo kile kile. Mfano:

unga: uzito 30, bei imepanda 25% → 7.5
kodi ya nyumba: uzito 20, imepanda 20% → 4.0
nauli: uzito 15, imetoka 1,500 hadi 2,000 → 5.0
samaki na mboga: uzito 20, 10% → 2.0
makala: uzito 10, 20% → 2.0
mengineyo: uzito 5, 10% → 0.5

Jumla asilimia 21. Mwajiri akitoa 15: 1.15 ÷ 1.21 = 0.95. Bado pengo la 5.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara. La kwanza: kuandika kodi ya nyumba "haijapanda" kwa sababu ni dola 60 zile zile. Mwenye mshahara wa faranga analipa faranga. Dola ikipanda 20%, kodi yake imepanda 20%, na garanti (amana ya nyumba) pia. Angalieni mfano wangu, kosa hilo peke yake lingewapunguzia pointi 4. La pili: kutopima. Gunia la makala linabaki bei ile ile na linapungua mwili, mkate unakuwa mwepesi, kopo la kupimia linabonyezwa chini. Beba mizani. Kilo zikishuka kutoka 40 hadi 34 kwa bei ileile, makala yamepanda karibu asilimia 18, si sifuri. La tatu: kubadilisha muuzaji katikati kwa sababu yule wa kwanza amekuwa ghali. Hapo umefuta mfumuko kwa mkono wako.

---

Delege_Kampemba

Binti, hiyo ya mizani hatukuwahi kuifikiria. Sasa: tukishakuwa na fahirisi, tudai mshahara uifuate moja kwa moja kila mwezi? Wengine wanataka tuache faranga kabisa, mkataba uandikwe kwa dola.

---

Mwalimu_Katuba

Kufuata moja kwa moja, kila kitu, kila mwezi: hapana, na historia inaonyesha kwa nini. Italia ilikuwa na ngazi ya namna hiyo, waliyoiita scala mobile. Makubaliano ya 1975 yaliweka kiasi kimoja cha pesa kwa kila pointi ya fahirisi, sawa kwa fundi na kwa mfagiaji. Matokeo mawili: tofauti ya ujuzi ikabanwa mpaka mafundi wakachukia, na kila mshtuko wa mafuta ukageuka mshahara, mshahara ukageuka bei. Mwaka 1980 mfumuko wao ulipita asilimia 20. Waliifuta kabisa 1992.

Ubelgiji wanayo hadi leo na haijawaangusha, na tofauti iko kwenye ufundi. Tangu 1994 wanatumia fahirisi isiyo na tumbaku, pombe wala mafuta ya magari. Wanatumia wastani wa miezi minne, si mwezi mmoja. Na kwa watumishi wa serikali mshahara hausogei mpaka fahirisi ivuke alama ya asilimia 2.

Sababu ya kuondoa mafuta ya gari ni nzito. Nchi inayonunua mafuta nje ikiuziwa ghali imekuwa maskini zaidi, nukta. Hasara hiyo haiwezi kurudishwa kwa kila mtu kwa kuandika namba kubwa kwenye bahasha. Wote wakijirudishia, bei inapanda tena ili kuichukua. Mazungumzo ya haki ni jinsi ya kugawana hasara hiyo kati ya faida na mishahara.

---

Hesabu_Kamalondo

Ya dola nijibu mimi, kwa sababu 2025 iliwakata wengi. Mwenye mkataba wa dola 300 alipokea 855,000 FC kwa kiwango cha 2,850. Dola ilipokuwa 2,400 alipokea 720,000. Amekosa 135,000, karibu asilimia 16, na Depo ameshaeleza kwa nini unga haukushuka kumfuata.

Kanuni yangu: mshahara uwe kwa pesa unayotumia. Kodi ya nyumba na ada ya shule viko kwa dola, chakula na nauli kwa faranga. Basi gawanya. Dola 400 kwa 2,850 ni 1,140,000 FC. Andika dola 200 na faranga 570,000. Dola ikishuka hadi 2,400, unapata 480,000 + 570,000 = 1,050,000, pungufu ya asilimia 8 badala ya 16, na kodi yako ya dola imekuwa nafuu kwa faranga. Ikipanda hadi 3,400, unapata 1,250,000.

Na siku ya kubadilisha mkataba, msitumie kiwango cha siku hiyo. Brazil mwaka 1994, kabla ya kuanzisha pesa yao ya real tarehe 1 Julai, waligeuza mishahara kwenda kwenye kipimo cha hesabu walichokiita URV kwa wastani wa miezi minne iliyotangulia. Wangechukua siku ya malipo, mshahara ukiwa mnono kabisa, wangeingiza kwenye pesa mpya madai ambayo hakuna aliyeweza kuyalipa. Wangechukua siku ya kuamkia malipo, mshahara ukiwa umeshaliwa na bei, wangewaibia wafanyakazi. Wastani ni mahali pa haki kwa wote wawili.

---

Fundi_Mkate

Swali fupi: Benki Kuu ilipandisha riba yake kutoka asilimia 11 hadi 25 mwezi wa Agosti 2023. Kwa nini bei hazikutulia kama kwa Volcker?

---

Mwalimu_Katuba

Kwa sababu riba ile ni ya faranga, na sehemu kubwa kabisa ya akiba na mikopo katika benki zetu ni dola. Unakaza bomba ambalo maji machache yanapita. Kinachofanya kazi zaidi kwetu ni serikali kutokopa kwa benki kuu, benki kuu kuuza dola inapobidi, na amana ambayo benki hulazimishwa kuiweka kwake. Riba husaidia, lakini peke yake haifiki kwa kambiste.

---

Binti_Ruashi

Delege, kabla hujaenda kikaoni, kifungu chenyewe. Wengi huandika "mshahara utalipwa kwa kiwango cha siku" na kulia baadaye. Siku gani? Kiwango cha nani? Andikeni hivi:

"Sehemu ya dola italipwa kwa faranga kwa wastani wa kiwango elekezi cha Benki Kuu ya Kongo wa siku tano za kazi kabla ya tarehe ya malipo halisi. Sehemu ya faranga itapitiwa kila miezi mitatu. Wastani wa fahirisi wa miezi mitatu ukizidi asilimia 5 juu ya mapitio yaliyopita, mshahara utapanda kwa robo tatu ya ongezeko hilo mara moja, na robo iliyobaki itajadiliwa pamoja na namba za mazao."

Neno "tarehe ya malipo halisi" msiliache. Likiandikwa "mwisho wa mwezi" na mshahara ukachelewa miezi miwili, bei zikipanda asilimia 5 kwa mwezi, 1 ÷ (1.05 × 1.05) = 0.907: mfanyakazi amepoteza asilimia 9.3 bila mtu kubadilisha hata herufi moja ya mkataba.

Na kiwango elekezi kikiwa mbali na cha mtaani, ongezeni mstari mmoja: tofauti ikizidi asilimia 3, pande zote mbili zinachukua katikati.

---

Delege_Kampemba

Nimeyanakili yote. Kikao ni wiki ijayo. Kesho asubuhi naanza na mizani kwenye makala.

---

Mama_Njanja

Uje na gunia tupu pia, mwanangu. Pima gunia kwanza, ndipo upime makala.